Vumbi Lililokaa Chini ya Jani

Kosa langu lilikuwa kitambaa. Kilikuwa kipande cha kanga kuukuu kilichonuka sabuni ya mche na maziwa yaliyochacha, na kwa kitambaa hicho nilifuta majani ya mibuni ya bibi, mti kwa mti, likizo nzima ya mwezi wa sita. Nilikuwa darasa la sita, nikilelewa na bibi huko Machame. Barabara ya juu ya kihamba chetu, shamba la ukoo, ilikuwa inachimbwa, na sote tuliamini kwamba unga wa rangi ya chungwa uliotapakaa kwenye majani ni vumbi la magreda. Mimi ni mtu ambaye hata leo hulala baada ya kurudi mara kadhaa kuhakikisha mlango umefungwa. Utotoni nilikuwa na hali mbaya zaidi. Nikiona doa limebaki, narudia mti mzima. Lakini kadiri nilivyofuta ndivyo majani yalivyopukutika, mpaka miti mingine ikabaki vijiti. Baba Mkubwa, kaka wa marehemu baba, akapanda kutoka Shirimatunda, kule chini mjini, kuja kuona. Akasema mibuni imezeeka, Jumamosi ataleta watu waing'oe yote apande parachichi. Bibi aliingia jikoni akakoroga mtori wa ndizi ambao haukuhitaji kukorogwa. Mibuni ile aliipanda akiwa bi harusi, na kahawa yake ilikuwa kitu pekee kilichomwezesha kuishi bila kumpigia mwanawe huyo simu za kuomba.

Kwenye simu ya bibi nilikuwa nimeona video ya mtu akitazama mguu wa nzi kwa lenzi iliyotolewa kwenye deki mbovu ya DVD. Deki mbovu tulikuwa nayo. Niliifungua kwa kisu, nikaichomoa lenzi ndogo kuliko punje ya mahindi, nikaibandika kwa tepu juu ya kamera. Nikaona ukungu mtupu. Nikabandua, nikageuza, nikabandika upya, mpaka mishipa ya jani la mbuni ikajitokeza kama mifereji inayoshuka mlimani. Nikaligeuza jani. Halikuwa vumbi. Zilikuwa punje zisizohesabika, rangi ya chungwa bivu, zimejazana kwa vishada kana kwamba zimechipuka kutoka ndani ya jani lenyewe. Nikachukua vumbi la barabarani nilinganishe: lile lilikuwa vipande vyenye pembe, kama kokoto zilizovunjwa. Mwisho nikaweka kitambaa changu. Punje zile zile zilikuwa zimenasa kwenye nyuzi. Nilikuwa nimezisambaza mwenyewe, kwa bidii yangu yote. Nililia, kisha nikatazama tena, kwa sababu zilikuwa nzuri mno.

Jumamosi Baba Mkubwa akafika na vijana wenye mashoka. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akinisogeza pembeni. Nikamnyooshea simu yenye picha ya zile punje.

"Hii nini, pilau?" akauliza, na vijana wakacheka.

"Ni ugonjwa, Baba Mkubwa. Uko chini ya jani. Vumbi lingekaa juu."

"Umesomea wapi wewe, profesa?"

"Sijasomea. Nimeona."

Sikuwa nimewahi kumjibu mkubwa namna ile. Bibi akatoka na kigoda chake, akakiweka mbele ya mbuni wa kwanza, akaketi. "Aitwe bwana shamba," akasema. "Kama una haraka, anza na mimi."

Bwana shamba alikuja, akageuza majani, akasema ni kutu ya majani, ugonjwa wa kuvu unaoenezwa na punje zile. Tukakata mibuni iliyoshindikana, tukapogoa iliyobaki, tukapiga dawa. Mibuni ya upande wa chini tuliipoteza, na sehemu ya lawama hiyo ni yangu. Iliyobaki bado inazaa, na bibi bado anaichuma.

Sina cheti hadi leo. Nina hadubini ya mitumba niliyoikarabati mwenyewe, na picha moja naweza kuirudia asubuhi nzima kwa sababu ukingo wake una kivuli. Wasiwasi haujaniacha. Kilichobadilika ni hiki: siku hizi wakulima huniletea majani yao, na nisipojua, nasema sijui, bila sauti kutetemeka.