Mama Aliyesema "Siwezi"

Juzi katika zahanati moja karibu na Kibabii, mbele yangu kwenye foleni alikuwa mama wa Mombasa aliyekuja kumtembelea binti yake. Karani alimuuliza shida yake.

"Siwezi, mwanangu."

"Huwezi nini, mama?"

"Siwezi tu. Tangu jana."

"Basi kaa hapo kando kwanza. Ukiweza utaniambia."

Mama alishika ukingo wa meza, jasho likimtoka. Nikamweleza karani kwamba huko pwani "siwezi" ni kusema mimi ni mgonjwa, kwa kuwa mwili umekosa uwezo. Karani akainuka haraka, akamshika mama mkono hadi kwa daktari. Aliporudi alikuwa anatabasamu.

"Na wewe, mwalimu wa Kiswahili?"

"Mimi naumwa."

Akachukua kalamu. "Umeumwa na nini? Mbwa?"