Mvulana wa Kwenye Tasnifu

Msusi alikuwa na mikono myepesi, na wateja walimpendea hilo. Wapo wasusi ambao ukitoka kwao macho yamevutika kama umeona jini. Kwake yeye ukikaa tu unasinzia. Alianza kusuka akiwa msichana, kwenye vichwa vya wadogo zake, akaolewa anasuka, akaachika anasuka, na binti yake wa pekee alijifunza kutembea kwa kushika viti vya saluni. Binti huyo mtaa mzima ulimwita Chiriku, maana alikuwa haishiwi maneno.

Chiriku alipata saratani ya damu akiwa darasa la tatu. Dawa zikaondoka na nywele zake. Mchana mama anasuka vichwa vya watu, jioni anaokota nywele za mwanawe kwenye mto. Mtoto mwenyewe akamtania, "Pole mama, umepoteza mteja." Hakuumaliza mwaka.

Baada ya hapo watu walimhurumia, lakini hawakumsikiliza. Akianza tu kusema, mtu anamkatisha kwa pole, anamshika bega, habari imekwisha.

Aliyemsikiliza hadi mwisho ni mteja, binti wa chuo aliyekuja kusuka mistari midogo midogo. Alikuwa anasomea shahada ya pili, akaulizwa ni ya nini.

"Ya mambo ya tiba," alisema, "lakini siyo udaktari. Tunasoma jinsi watu wanavyousimulia ugonjwa. Wanavyouandika, wanavyouimba."

Muosha nywele, shoga yake msusi wa siku nyingi, alicheka saluni nzima ikamsikia. "Kwa hiyo mimi nikiumwa tumbo utanipigia hadithi lipone?"

"Halitapona, dada. Ila daktari atajua anamtibu nani."

Neno hilo lilimwingia msusi. Binti alipomwomba ruhusa ya kumrekodi, alikubali. Kila alipokuja kufumua na kusuka upya, simu iliwekwa juu ya meza ya vitana, na msusi akasimulia huku vidole vinakwenda. Alikuwa nyuma ya kichwa cha msikilizaji, haonekani uso. Labda ndiyo maana aliweza.

Siku binti alipokuja na kurasa za tasnifu yake ilikuwa mchana wa jua kali, saluni haina mteja. Msusi akamwambia asome kwa sauti.

"'Mama mmoja muuza mboga,'" alisoma binti, "'alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka kumi na miwili, mkimya, mpenda mpira...'"

"He!" alidakia muosha nywele. "Shoga, mboga umeanza lini? Na hutuletei hata fungu moja!"

Msusi hakucheka. "Huyo mtoto ni nani?"

"Ni Chiriku, mama."

"Chiriku, mkimya?"

Binti akaziweka kurasa mapajani. Akaeleza kwamba chuoni ndivyo wanavyofundishwa, aliyesimulia asitambulike, kwa hiyo wanambadilisha hapa na pale. Ugonjwa ni ule ule, maumivu ni yale yale.

"Nani kakwambia najificha?" alisema msusi, sauti imeanza kupasuka. "Mimi nimekupa mwanangu, wewe umeniletea wa mtu. Mrudishe. Mrudishe awe binti, aongee. Na mimi nirudishe kwenye nywele. Mtoto wa msusi anabaki kipara, wewe unaandika mboga?"

"Naweza kumrudisha. Mwalimu wangu atakubali, mradi mwenyewe umetaka." Binti alisita. "Lakini kuna yule nesi."

Msusi akakaa kwenye kiti cha wateja.

Siku ya mwisho Chiriku alikuwa kwenye chumba cha kioo, ambako wazazi walikatazwa kabisa kuingia, wasije wakamletea mtoto maradhi ya nje. Alasiri akaanza kumwita mama yake. Nesi wa zamu alimtazama mtoto, akamtazama mama aliyebandika paji la uso kwenye kioo, akafungua mlango. Akavuta pazia. "Panda kitandani, dada. Mimi sijakuona." Msusi akapanda na viatu vyake. Chiriku akaongea, akaongea, kichwa kifuani kwa mama, mpaka akanyamaza.

"Tasnifu hii itasomwa na wakubwa wa hospitali pia," alisema binti. "Mtoto mwongeaji, mama msusi, wodi nzima itamjua. Wakimjua mtoto, watamjua na aliyevuta pazia. Bado yuko kazini pale."

"Si umtoe tu huyo nesi?" aliuliza muosha nywele. Safari hii hakuwa na utani.

"Nikimtoa, mama, nitakurudishia Chiriku alivyokuwa. Niseme tu alifia kwenye chumba cha kioo."

Msusi aliutazama mkono wake, akaufunga, akaufungua. Nje mtu alipita anapiga mluzi.

"Ukimtoa nesi," alisema mwishowe, "mwanangu atakuwa amekufa peke yake."

Muosha nywele alifunga bomba ambalo tangu asubuhi lilikuwa linadondosha, nalo likaendelea kudondosha.

"Huyo mvulana," msusi aliuliza, "mama yake alipanda kitandani?"

"Alipanda."

"Alimshika?"

"Alimshika mpaka mwisho."

Msusi alijifuta uso kwa upindo wa aproni, mafuta ya nywele yakamwingia jichoni, akalifinya.

"Basi mwache awe mvulana. Na anyamaze hivyo hivyo." Akavuta kiti karibu na binti, magoti yao yakagusana. "Anza tena kumsoma. Taratibu, mwanangu, nimzoee."