Ndege Iliyopita Mara Mbili Juu ya Mabati Yangu

Uji wa moto ulimwagika karibu kabisa na mguu wa Akinyi, binti yangu wa miezi saba. Ndege ilikuwa imepita chini hadi mabati yakatetemeka, nami nikashtuka na sufuria mkononi. Hapo ndipo uvumilivu uliniisha. Kila wiki ndege hiyohiyo hupita juu yetu mara mbili kabla ya kutua kwenye kiwanja kidogo kilicho nyuma ya boma letu, hapa ufuoni mwa ziwa, mkabala na kisiwa cha Rusinga.

"Sasa utagombana na ndege, Mama Akinyi?" mama mkwe aliuliza.

"Ndege nitaiacha. Nitagombana na anayeiendesha."

Mlinzi wa kiwanja aliniambia rubani angekuwa Migori kesho yake.

Alfajiri nilimfunga mtoto mgongoni, nikapanda matatu. Homa Bay nilipita bila hata kunywa chai. Saa saba mchana nilikuwa Migori, mbele ya rubani, mwanamke mwembamba aliyekuwa akila mahindi ya kuchoma chini ya bawa la ndege.

"Ni wewe unataka kuniulia mtoto?"

Alimtazama Akinyi, akaacha kutafuna. "Pole, mama. Hebu nisikilize." Alichukua faili lake, akaliinamisha mbele kidogo sana. "Ndege hushuka hivi. Digrii tatu tu. Kichwa cha kiwanja, pale njia ya kutulia inapoanzia, nakishikilia mahali pamoja kwenye kioo cha mbele. Kikipanda, niko chini mno. Kikididimia, niko juu mno."

"Mbona kwangu unakuja chini?"

"Ile ya kwanza si kutua. Nafukuza watu. Wanatandaza neti, wanaanika omena, hawa dagaa wenu, palepale magurudumu yanapotakiwa kugusa. Wakikunja neti, nazunguka, nakuja vizuri. Lakini kuna mkaidi mmoja wa neti ya bluu! Huyo hakunji hata nikimlilia."

"Neti ya bluu ni yangu."

Alicheka mpaka mahindi yakamponyoka. Mimi sikucheka. "Na seng'enge ya kuzuia watu iko wapi?"

"Ilianguka. Tumewaambia ofisini Homa Bay mpaka tumechoka."

"Mimi bado sijachoka."

Jioni, nyumbani, nilikunja neti kabla ya kuvua viatu.

Asubuhi nilirudi Homa Bay, kwenye ofisi inayosimamia kiwanja. Karani aliuliza kama nalalamikia ndege au watu. Nilimnyang'anya kalamu, nikaandika mwenyewe:

"Nalalamika kwamba seng'enge ya kiwanja chetu imelala chini, na sisi wanawake hatuna mahali pengine pakavu pa kuanika omena. Kwa hiyo rubani hulazimika kupita juu ya nyumba zenye watoto kabla ya kushuka ipasavyo. Simamisheni seng'enge, mtupe pa kuanikia. Mimi pia nilikosea: neti ya bluu ilikuwa yangu. Niliiondoa jana. Sasa ni zamu yenu."