Mwimbaji Aliyekuja Kukaa Mchangani

Wimbo ule niliusikia mara ya kwanza nikiwa natia uzi kwenye cherehani. Jirani yangu wa sokoni, muuza vitenge, alikuwa amefungua redio, na sauti niliyoijua ikaanza kuimba juu ya wanawake wanaoanika ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, kwenye mchanga wa Rumonge na tajiri anayetaka kuwazungushia waya. Nilisimamisha mguu kwenye kanyagio. Mwimbaji yule tulikaa dawati moja utotoni, tulipokuwa wakimbizi Tanzania. Siku hizi anaishi Bujumbura na picha yake iko kwenye kalenda za madukani. Na mmoja wa wanawake aliowaimba ni dada yangu mkubwa, ambaye nimezoea kumwita yaya.

Habari zenyewe zilikuwa za kweli. Mfanyabiashara mmoja alisema amenunua eneo lote lile hadi majini, anataka kujenga hoteli. Yaya na wenzake walianza kuanika pale tuliporudi kutoka uhamishoni. Wengine ni Waislamu wa mtaani kwetu, ambao bibi zao walivuka kutoka Kongo, nao waliwakuta mama zao palepale. Asubuhi moja wote walikuta nguzo zimesimikwa katikati ya samaki wao. Nilimsimulia mwimbaji kwenye simu, kama mtu anavyompa rafiki habari za nyumbani. Sikujua kwamba upande wa pili alikuwa tayari anatafuta sauti ya kuanzia.

Kwanza tulifurahi. Wimbo uliimbwa kwenye baa, kwenye pikipiki, na wavuvi waliuimba wakishusha mzigo. Yaya aliuimba chinichini akigeuza samaki. Kisha walinzi wa tajiri wakabadilika. Walianza kuwaita wanawake "nyinyi waimbaji", na siku moja mvua ilipokuwa imenyesha, vyandarua vya kuanikia vikakutwa vimepinduliwa na ndagala wote wako topeni. Sokoni ikasemwa kwamba tajiri anamtafuta mtu aliyempelekea mwimbaji habari. Tangu hapo kila mteja nisiyemjua aliyeingia dukani kwangu nilimshuku. Mtu anakuja kufupisha suruali, mimi naangalia viatu vyake, najiuliza ametumwa na nani.

Yaya akaja dukani, akakaa kwenye benchi la wateja.

"Yeye anaimba kule Bujumbura, kule iko salama," alisema. "Sisi ndiyo tuko hapa. Mwite akuje."

"Akikuja atafanya nini?"

"Akae na sisi. Jumatatu wanakuja kufunga waya. Sisi tutakaa kwenye mchanga, na yeye akae."

Nilimpigia mbele yake. Nikamweleza mwimbaji alivyosema yaya.

"Kaka," alijibu, "kazi yangu mimi iko kuimba. Nikikuja huko watasema nimekuwa mwanasiasa. Watu wanaonialika kwenye sherehe zao watanikimbia. Unajua niko na watoto."

"Yaya naye iko na watoto," nilijibu.

Hakukasirika. Nilisikia mtu anakaanga kitu nyuma yake, na mlango ukifungwa. Akasema ataangalia.

Yaya aliondoka akiamini atakuja. Mimi, kwa upande wangu, nusu ya moyo wangu iliomba akatae. Mtu maarufu hatembei peke yake. Vijana humfuata, na vijana wakijaa mahali pamoja, watu wenye virungu nao hufika. Niliona wazi jinsi dada yangu atakavyokuwa ameketi chini wakati watu wazima wanakimbia juu yake. Sikumwambia.

Jumatatu nilifunga duka, nikateremka ufukweni. Wanawake walikuwa wameshaketi kati ya nguzo, kila mmoja na beseni lake. Vibarua walikaa pembeni juu ya mabunda ya waya, wakivuta sigara, wakingoja amri. Mwimbaji alifika kwa miguu kutoka stendi, amevaa shati la kawaida na kandambili. Hakuwa na gitaa, wala mtu wa kumpiga picha.

"Amahoro, ba mama," alisema, akapindua beseni tupu akaketi karibu na yaya.

Habari zilifika sokoni kabla hajamaliza kusalimia. Vijana waliteremka makundi kwa makundi, simu zikiwa juu. "Imba," walisema. "Tuimbie ule." Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mitumbwi, nikaona jiwe. Kijana mmoja alikuwa analihamisha kutoka mkono huu kwenda mkono ule, macho yake kwa walinzi. Nilitaka kumfuata, lakini nilibaki palepale penye mitumbwi.

Mwimbaji alisimama. "Leo siimbi," alisema. "Anayetaka kusaidia akae chini kama hawa. Asiyeweza kukaa arudi kwenye kazi yake."

Kulikuwa na manung'uniko. Wengi waliondoka wakisonya, maana walikuja kusikia muziki. Wachache wakakaa. Yule wa jiwe alibaki amesimama, kisha akalitupa ziwani na kuondoka bila kugeuka.

Hapo ndipo gari la tajiri lilipofika. Ni mtu mpole wa sauti, mwenye adabu. Aliwasalimia wanawake bila kuwaangalia, akamwinamia mwimbaji. "Msanii wetu, twende tuongee kidogo. Hapa iko jua kali."

Mwimbaji alituangalia. Kisha akaingia kwenye gari, na gari likapanda kwenda mjini.

Mama mmoja mzee, mwenye Kiswahili cha Kongo, alisema polepole, "Bamemununua." Nilipiga simu, imezimwa. Nikapiga tena. Niliwaza kwamba kama kweli amenunuliwa, wanawake wote wataniangalia mimi niliyemwita. Yaya hakuniangalia. Aligeuza samaki wake, akawageuza tena, walewale, ingawa walikuwa wamekauka pande zote. Jua lilipanda hadi utosini. Vibarua walisimama, wakajinyoosha, wakaanza kufungua waya wa kwanza.

Alirudi nyuma ya baiskeli ya abiria, kwa kuwa pikipiki zote zilikuwa zimepanga foleni zikingoja petroli. Alikuwa ametota jasho na anatabasamu.

"Imeisha," alisema. "Anawaachia nusu. Kutoka kwenye mitumbwi mpaka kwenye mwamba ule. Nimekubali."

Baadhi walipiga makofi. Yaya hakupiga.

"Umekubali kwa niaba ya nani?" aliuliza. "Kwenye nusu ile ingine kuna ba mama wanaanika. Nani atawaambia watoke? Wewe?"

"Dada, nimepigana sana kule. Nimetoka mbali kwa ajili yenu."

"Murakoze, tunashukuru. Lakini tulikuita ukae na sisi. Hatukukutuma uongee."

Uso wa mwimbaji ukasawijika. Mtu aliyezoea kupigiwa makofi akiambiwa hivyo mbele ya watu, anaweza kufanya lolote, na mimi nilikuwa na uhakika atapanda baiskeli ileile arudi stendi. Nilimchukia yaya kidogo wakati ule. Nilidhani ameharibu hata kile kidogo tulichopata. Mwimbaji alichuchumaa, akachukua mchanga, akauacha udondoke kati ya vidole.

"Basi twende wote," alisema. "Nyinyi muongee. Mimi nitasikiliza."

Wakapanda mjini kwa miguu: yaya, yule mama mzee, mwanamke mwingine mmoja, na mwimbaji nyuma yao. Niliwafuata hadi kwenye lango la tajiri, nikabaki nje kwenye ukuta. Kila sauti iliyopanda ndani ilinifanya nisogee karibu na lango, na kila ukimya ulinifanya nisogee zaidi.

Walitoka alasiri. Tajiri alibaki na sehemu ya juu, yenye michikichi, ambayo alisema ana hati zake. Wanawake wakabaki na ukanda wote wa majini, pamoja na njia ya kuufikia ambayo hakuna wa kuifunga. Nguzo zikahamishwa na vibarua walewale. Haukuwa ushindi wa kuchezea ngoma. Wamebanana sasa, na yaya anagombana karibu kila siku na jirani yake mpya kwa sababu ya kuku wanaodonoa samaki.

Nilimsindikiza mwimbaji stendi. Alisema, "Tajiri aliniogopa mimi, kaka. Lakini wao ndio aliowajibu." Baadaye mwenye baa moja ya pwani, upande wa Kigwena, alifuta onyesho lake, na wengine wakafuata. Mwaka huu sijaiona picha yake kwenye kalenda yoyote. Jirani yangu wa vitenge anasema mwimbaji aimbe, kisha akae kwake. Anasema wanawake wangepata ukanda wao hata bila yeye. Labda wangepata. Lakini jirani hakuliona lile jiwe mkononi mwa kijana.

Wiki iliyopita mwimbaji alipiga simu tena, akamtaka yaya, si mimi. Kule Kabonga, karibu na mpaka, wanawake wa samaki wana shida inayofanana na yetu.

"Niende?" alimwuliza.

"Waulize wao kwanza kama wanakutaka," yaya alimwambia.

Aliwauliza, wakamtaka. Amepita hapa leo asubuhi kwenye basi la Nyanza-Lac, bila kushuka. Tangu hapo nimeshona sare ya shule na kuifumua, kwa kuwa nimeunganisha mguu wa kulia na wa kushoto vibaya. Mchana yaya ameingia dukani.

"Amepiga?"

"Bado. Kule rezo iko mubaya, simu zinashika mtandao ya Tanzania."

Amekaa kwenye benchi la wateja. Ndagala wake wako juani na hakuna anayewaangalia, lakini hajasema anaondoka, nami sijamwambia aende.