Amina Iliyotangulia

Jumapili iliyopita nilialikwa harusini Umoja, mtaa niliokulia. Tulipoongozwa kusali Baba Yetu, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, nilikazana kushika kiti kama mtu anayeumwa. Wacha nikueleze kwa nini.

Ploti yetu ilizungukwa na makanisa matatu: letu la Kikatoliki, la Waanglikana, na la Wakorino wenye vilemba vyeupe. Sisi watoto tulihudhuria yote, hasa lile lenye chai na mandazi siku hiyo. Mavazi yalitofautiana, lakini mengine yalikuwa yale yale: simama, imba, toa sadaka, keti usinzie. Hata spika ilikuwa moja. Jirani yetu mchongaji, aliyenukia vumbi la mbao hata Jumapili, ndiye aliyeibeba begani kanisa hadi kanisa, akipiga mluzi.

Siku moja vijana wasiomjua wakamwona nayo.

"Mwizi! Ameiba spika ya kanisa!"

Nilitoka mbio na unga wa chapati mikononi. Nilimkuta chini, jicho moja limezibwa na damu, wanampiga mateke ya mbavu. Tairi la kumchomea lilikuwa limeshaletwa. Nyanya yangu akapenya katikati, akasimama kumkinga.

"Shosho, toka hapo! Huyu ni mwizi!"

"Huyu ni mtu wetu. Kama lazima mmuue, ngojeni kwanza tumwombee."

Akaanza Baba Yetu kwa sauti. Majirani wa makanisa yote wakaidaka. Na wale vijana, malezi bwana, wakavua kofia na kufumba macho. Mmoja alisali na jiwe mkononi. Nikajua mchongaji amepona.

Lakini Wakatoliki sala ile huimaliza mapema. Nyanya akasema Amina, wengine wakaendelea, "Kwa kuwa ufalme ni wako..." Kijana wa jiwe alisema Amina pamoja na nyanya. Kwake sala ilikuwa imekwisha. Jiwe lilimpata mchongaji kisogoni huku nusu ya watu bado wamefumba macho. Hakuamka tena. Nilimchukia kijana yule, na bado namchukia.

Siku hizi kila kanisa lina spika zake, zinashindana kwa kelele. Nyanya naye ametuacha. Ila mpaka anakufa, hata kwenye rozari ya jumuiya, wenzake wakishasema Amina yeye aliendelea peke yake na "Kwa kuwa ufalme ni wako" hadi "hata milele", macho wazi, akitazama mikono yetu.