Mbwa Aliyezoea Kutukanwa

Ardith Vogel aliajiriwa kuosha vizimba vya kaunti vya mbwa wasio na wenyewe tarehe 9 Juni 2003. Kadi yake ya kwanza ya kazi bado imebandikwa nyuma ya mlango wa stoo, na kwenye picha amenuna vilevile alivyonuna leo. Tangu siku hiyo ameona mawazo mapya mengi yakiingia kwa mlango wa mbele na keki mkononi, yakatokea wa nyuma bila kuaga. Kinanda cha kuwatuliza paka. Mafuta ya maua. Sasa ni watoto wa shule, ambao kila Jumamosi huketi sakafuni na kuwasomea mbwa hadithi, huku mama zao wakipiga picha kutoka kila pembe isipokuwa ile inayoonyesha mavi.

"Wanajifunza huruma," aliambiwa na Brynn Hallett, msichana wa miaka ishirini na sita anayeisimamia shughuli hiyo.

"Wanajifunza kukalia maji ya dawa," alijibu Ardith.

Hakuwa na ugomvi na vitabu. Ugomvi wake ulikuwa na kadi. Mbwa akisogea mbele anaposomewa, Brynn humpa kadi ya kijani na kumhamishia safu ya mbele, wanakopita watu wanaotafuta mbwa wa kwenda naye nyumbani. Asiposogea Jumamosi tatu mfululizo, hupewa nyekundu. Wenye nyekundu huchomwa sindano ya kuwaua Jumanne, na Ardith ndiye anayekiosha kizimba baadaye.

Otis, wa kizimba cha kumi na nne, alikuwa ameshakosa Jumamosi mbili. Kila aliposomewa aliwageuzia watoto matako na kuutazama ukuta. Brynn akaandika: "Hapendi watu."

Upuuzi mtupu. Otis alikuwa wa Verlin Tackett, jirani wa Ardith ng'ambo ya barabara, mzee aliyeharibiwa masikio na trekta na asiyejua tena kusema kwa sauti ya chini. Kwa miaka kumi na mmoja Ardith aliamshwa na matusi yake: "Toka hapo, gunia la viroboto wewe, hata kuku wanakucheka." Naye Otis alikuwa akitoka, mkia ukigonga mlango kwa furaha. Watu wa kunong'ona, Otis aliwajua wawili tu: daktari wa mifugo, na yule aliyekuja Januari kuuchukua mwili wa Verlin.

Ardith alimweleza Brynn haya yote. Brynn alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande, kama anavyowasikiliza mbwa, kisha akamwonyesha bango ukutani: SAUTI YA CHINI, MOYO MPOLE. Ardith angemchukua Otis mwenyewe, lakini mwenye nyumba anayompangisha hataki hata samaki.

Jumamosi ya tatu Otis alipangiwa Maren Skaggs, mtoto wa miaka tisa, aliyekuja na kitabu cha sungura aliyepoteza kifungo. Alinong'ona kurasa mbili. Otis akageukia ukuta.

"Hanisikilizi," alisema Maren.

"Hata mimi sikusikilizi," alisema Ardith, mpira wa maji mkononi. "Unasoma kama unaaga maiti."

"Tumeambiwa tunong'one, Bi Ardith."

"Una kaka?"

"Ninaye."

"Akichukua baiskeli yako bila kuomba, unamnong'oneza?"

Maren alifikiri. "Hapana."

"Basi huyo hapo kaka yako. Kachukua baiskeli. Soma."

Maren alichungulia mlangoni. Brynn alikuwa nje na wafadhili. "Sungura alitafuta kifungo chini ya kitanda," alianza, sauti ikipanda, "kwa sababu hana akili. Kama wewe, Otis."

Sikio moja likasimama.

"Hapo umemtekenya tu," alisema Ardith. "Mtukane."

"Akatafuta kabatini, mpumbavu yule, na wewe unanuka soksi za babu, mvivu mkubwa, huna hata aibu, unakula bure."

Otis aliinuka kiungo kimoja kimoja, kama meza ya kukunjwa, akaja mpaka mbele na kubandika pua kwenye waya. Mkia wake uliangusha bakuli la maji. Maren akazidisha, sungura sasa alikuwa mwizi, mlafi na mwenye miguu mibaya.

Brynn aliingia mbio kwa kelele zile, kidole tayari kikielekea kwenye bango. Akamwona mbwa. Ardith aliona kanuni na picha vikishindana usoni mwake, na hakuwa na shaka kipi kingeshinda.

"Baki hapohapo, Maren," alisema Brynn akitoa simu. "Lakini taratibu, mpenzi."

"Akisoma taratibu anarudi ukutani," alisema Ardith. "Andika kadi kwanza."

Brynn aliandika kadi ya kijani. Chini yake akaongeza: "Ameitikia upole." Ardith aliyasoma maneno hayo mara mbili, akafungulia maji.

Jumatatu saa moja asubuhi Otis atahamishiwa kizimba cha pili, safu ya mbele, na Ardith ndiye atakayempeleka, akimtukana njia nzima.