Salamu za Kiporo

Nianze kwa kujicheka mwenyewe kabla wengine hawajanicheka. Asubuhi ile jirani yangu, bibi mkaanga vitumbua wa mtaa wetu hapa Temeke, alinijia barazani akaniambia kwamba msomaji wa habari wa redio, yule aliyekuwa akikaa mkabala na kwangu, amefariki usiku. Nami nikamtazama kwa macho ya mtu aliyesoma, nikamjibu, "Mbona redio haijasema? Tungoje jioni. Kama ni kweli, tutamsikia mwenyewe akisoma." Bibi akautua ungo wake chini. "Atasoma nini, mwanangu? Kufa kwake?" Hapo ndipo maneno yangu yaliponirudia masikioni. Mke wangu huko ndani alicheka kwanza, kisha akalia, na mimi nikavaa viatu, jambo ambalo wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua si la kila siku.

Sijitetei, ila marehemu ndiye aliyenizoesha hivyo. Mtaani tulimwita Mwalimu, maana alitoka bara akiwa mwalimu wa shule ya misheni kabla ya kuchukuliwa kusoma habari, na ualimu haukumtoka. Ukimwuliza ukiwa nje ya ua wake, "Mwalimu, leo duniani kuna nini?" alikuwa akikujibu kwa upole, "Jioni, bwana. Isiyosomwa bado si habari." Basi jioni tulijazana mgahawani, redio ikiwa juu ya rafu karibu na mabirika, inakwaruza na kupiga miluzi mpaka itulie, na sauti ya Mwalimu itoke nzito, imenyooka: "Wasikilizaji wetu, hamjambo?" Mgahawa mzima tunaitikia, "Hatujambo!" na mzee mmoja hasahau kuongeza, "Na watoto wako, hawajambo?" Hapo Mwalimu alikuwa akinyamaza kidogo kabla ya habari ya kwanza. Siku moja nilimwuliza kwa nini. Akacheka. "Nawangoja nyinyi wa Temeke mmalize kuitikia. Mzungu wangu, mkubwa wa kule redioni, anadhani navuta pumzi."

Sasa mtu huyohuyo, aliyesalimia nchi nzima kila siku, nusura avunjiwe harusi ya binti yake kwa sababu ya salamu. Kifua chake kilikuwa kibovu. Akipigwa na vumbi la barabara huku anaongea, lazima akohoe mbele ya kipaza sauti, na alikwisha kuonywa kwamba mwenye kukohoa atatafutiwa kazi nyingine. Kwa hiyo tangu adhuhuri alikuwa anafunga kinywa. Akitoka kwake kuelekea mjini kwa baiskeli, kitambaa kimeziba pua na mdomo, watu barazani wakimwita, "Mwalimu, habari za mchana?" yeye anajibu kwa kengele ya baiskeli: kring, kring, huyo kapita. Akirudi, mtaa umelala. Sisi vijana tuliona kichekesho. Wazee hawakukiona. Na siku alipompita bibi wa vitumbua, mtu wa kuamkiwa hata na imamu, akampigia kengele badala ya shikamoo, mambo yaliharibika. "Mwambieni mwalimu wenu," bibi alisema, na mtaa wote ukasikia, "mie si mwanafunzi wake wa kupigiwa kengele!"

Wenyeji wa mitaa hii hawahitaji kuelezwa kilichofuata. Harusi ya binti ilikuwa Jumamosi. Kwa kawaida wanawake wa jirani wangekuwa wamekwisha kujaa uani kwake, huku wanachagua mchele, huku wanasengenya, na masufuria makubwa yangekuwa yamekwisha kutoka nyumba hii na ile. Hakuja hata mmoja. Gunia la mchele limekaa uani kama mgeni asiyekaribishwa. Mke wa Mwalimu alipokwenda kuazima sufuria kwa bibi, alijibiwa kistaarabu kabisa, "Mumeo anatusalimia kwa mashine. Basi na mashine iwachagulie mchele." Mwalimu akanijia, si kwa kuwa mimi ni mtu wa maana, bali kwa kuwa nilikuwa ndiye mtu pekee wa kupatikana nyumbani saa yoyote. "Nikiongea njiani nitapoteza kazi," aliniambia. "Nikinyamaza nitamwoza mwanangu kama yatima. Nifanyeje?" Nilimpa shauri la kipumbavu, kwamba awaombe radhi redioni. Alinitazama kwa huruma, akaenda zake.

Kesho yake alfajiri, watu wakitoka msikitini, Mkristo yule alikuwa amesimama mlangoni kwa bibi, kanzu ya kulalia imefichwa ndani ya koti. "Hodi!" Bibi akatoka na mwiko. Mwalimu akainamisha kichwa na kusema kwa sauti ileile ya jioni, "Shikamoo, bibi. Hii ni ya jana." Bibi akamnyooshea mwiko. "Ya jana imelala," akasema. "Imelala, bibi, lakini haijachacha. Nimekuletea kiporo." Bibi alijaribu kununa, akashindwa, kicheko kilimtoka mpaka mwiko ukaanguka. "Marahaba, mwanangu! Basi pita na kwa wengine, usinilishe kiporo peke yangu." Akapita nyumba hadi nyumba, kila mtu na salamu yake ya jana, na wagonjwa akiwauliza hali. Kabla jua halijapanda, uani kwake hapakuwa na pa kukanyaga kwa wanawake na nyungo. Siku ya harusi mbuzi alichinjwa na muadhini ili sote tule, na pilau ya siku ile naikumbuka kuliko sura ya bwana harusi.

Tangu hapo hakuacha. Mchana kengele, alfajiri kiporo, na kengele ile ikawa haimuudhi mtu, maana kila mmoja alijua deni lake litafika asubuhi. Mimi mara nyingi lilinikuta kitandani, nikaitikia kupitia dirishani nikiwa nimejifunika shuka. Nimefikiri sana juu ya mashine ile ya rafuni. Ni kitu kizuri, na mimi mkaa nyumbani imenileta karibu na nchi ambazo miguu yangu isingezifika. Lakini yenyewe haimngoji mtu. Jioni tuliyotoka makaburini tulikwenda mgahawani kwa mazoea tu. Msomaji mpya, kijana mwenye sauti safi, alisema, "Hamjambo?" nasi tukaitikia, na itikio letu likaifunika habari yake ya kwanza, kwa kuwa yeye hakunyamaza. Hakuna aliyejua habari ile ilikuwa ya nini. Tukatazamana, tukaelewa kwamba nafasi ile ndogo haikuwa ya redio. Ilikuwa ya mtu wetu. Kazi mpya zitakuja nyingi mjini hapa, na saa zake hazitajali saa zetu. Yeye alikwisha kutuonyesha njia: kazi ikikuzuia kuwa jirani mchana, tafuta saa nyingine ya kuwa jirani.

Kwa hiyo leo alfajiri, kwa mara ya kwanza tangu nihamie hapa, nilitoka kabla ya kuamshwa, nikabisha hodi kwa bibi nikamwamkia, nikasema ni ya jana. Alinikagua kutoka kichwani hadi miguuni, akageuza kitumbua kwenye chuma, ndipo akaitikia: "Marahaba. Sauti yako mbaya, na koti umelivaa ndani nje. Kesho uje tena."